Mashine Isijikague Yenyewe



Siku hizi programu kuu inayoendesha kompyuta huundwa na mtambo. Fundi akibadili mstari mmoja, mtambo huiunda upya na kuijaribu, usiku na mchana. Hatupingi. Lakini mwaka 2020 iligunduliwa kwamba wahalifu waliingia katika mtambo wa kuundia programu wa kampuni ya SolarWinds, Marekani; programu yenye sumu ikawafikia wateja wapatao 18,000.

Mafundi wa Debian walianza njia nyingine mwaka 2013: programu ile ile huundwa mara mbili, mahali mbalimbali, kisha hulinganishwa. Zikitofautiana, kuna kasoro.

Sisi wachumaji tunaijua hoja hii mzanini: karani asipime peke yake. Mashine zije, ila mkaguzi wa wafanyakazi awepo.

Umoja ni nguvu!