Hati za wenye malori zimlinde mkulima pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya karatasi zinazotumiwa na kampuni za kusafirisha mizigo kwa malori. Nasema karatasi, wala si malori yenyewe. Malori yamekwisha kusemwa sana: mwendo wa kasi, kuzidisha uzito, kuharibika njiani na kuziba barabara. Lakini karatasi anayopewa mkulima wakati magunia yake yanapopandishwa garini haizungumzwi, na hiyo ndiyo inayoamua nani atalipa endapo mzigo hautafika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Njombe, ambako zao letu kubwa ni viazi mviringo. Katika kuwafundisha watoto wa Darasa la Sita kuandika barua rasmi na kujaza fomu, niliona ni afadhali kutumia karatasi za kweli kuliko mifano ya kubuni ubaoni. Nikawaomba wazazi waniletee karatasi zozote walizopewa na wenye malori: barua, ankara, stakabadhi na hati za mizigo. Katika mihula miwili nimepata karatasi za kampuni nne. Sitazitaja majina, kwani nia yangu si kumwaibisha mtu bali ni kujenga. Nimezitandaza mezani na kuzilinganisha, na haya ndiyo niliyoyaona.

Karatasi ya kampuni ya kwanza inavutia sana. Ni nzito na nyeupe, na juu yake pamechapishwa picha ya lori jekundu lenye tela, nembo ya kampuni na namba sita za simu. Picha hiyo na nembo vimechukua theluthi moja ya ukurasa. Mahali pa kuandika mzigo pana mstari mmoja tu. Mkulima akisafirisha viazi, karani huandika "viazi", basi. Ukigeuza upande wa nyuma unakuta masharti kumi na tisa kwa Kiingereza, yamechapishwa kwa herufi ndogo mno na wino wa kijivu. Niliwapa watoto wenye macho makali wasome herufi tu, bila kuelewa maana, wakashindwa.

Kampuni ya pili haina karatasi yake. Inatumia kitabu cha stakabadhi kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya shule, kisha inagonga muhuri. Kitabu hicho kilitengenezwa kwa ajili ya muuza duka: kina nafasi ya idadi, bidhaa, bei na jumla. Hakina mahali pa namba ya gari, wala jina la dereva, wala mahali mzigo unakokwenda. Aliyepewa karatasi hiyo anaweza kuthibitisha kwamba alilipa fedha, lakini hawezi kuthibitisha kwamba alikabidhi magunia.

Kampuni ya tatu hutoa stakabadhi ya mashine, ile karatasi nyembamba inayong'aa. Tangu mashine za stakabadhi za kielektroniki zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, nazo zimesaidia ukusanyaji wa kodi, jambo ambalo naliunga mkono. Lakini karatasi ile haiandikwi kwa wino. Huandikwa kwa joto, na joto hilo hilo huifuta. Ikikaa juani au karibu na jiko, baada ya miezi michache hubaki nyeupe kabisa. Nilizoletewa ni tano, na mbili kati yake hazisomeki. Stakabadhi ya kodi ni ya lazima, ila isifanywe kuwa ndiyo hati ya mzigo.

Kampuni ya nne ni ndogo, ina malori machache. Karatasi yake haina picha wala rangi, na ukingo wake umekatwa upande. Lakini imeandikwa kwa Kiswahili. Ina namba ya mfululizo, tarehe, namba ya gari, jina na simu ya dereva, jina la mpelekaji na la mpokeaji, idadi ya magunia, uzito, na nafasi iliyoandikwa "Hali ya mzigo wakati wa kupakia" na nyingine "Hali ya mzigo wakati wa kupakua". Chini wanaweka sahihi dereva, mpelekaji na mpokeaji. Imeandikwa kwa karatasi ya kaboni katika nakala tatu: moja kwa mkulima, moja kwa dereva, moja hubaki kitabuni. Masharti yake ni manne tu, na yapo upande wa mbele. Darasa langu liliipa karatasi hiyo alama za juu, nami nikakubaliana nao.

Huenda msomaji akasema mwalimu huyu amekosa la kufanya hata akaanza kusahihisha karatasi za wafanyabiashara. Nitaeleza kwa nini jambo hili si dogo. Jirani yangu, mama mjane anayelea watoto watatu, alipeleka magunia 30 Dar es Salaam kwa lori la kampuni mojawapo kati ya hizo. Sokoni yalifika 26. Alipodai aliulizwa: "Mama, hati yako inasema ulipakia mangapi?" Hati yake ilisema "viazi". Kisha alionyeshwa sharti la nyuma, kwamba mzigo husafirishwa kwa hasara ya mwenyewe. Magunia manne yalikuwa ada, sare na mbolea ya msimu uliofuata. Mkulima mwingine wa kijiji hicho hicho alipungukiwa magunia mawili kwa lori la ile kampuni ndogo. Alitoa nakala yake yenye sahihi ya dereva, ikalinganishwa na nakala ya kitabuni, akalipwa bila kufikishana kwa mtu yeyote. Barabara ni ile ile, na soko ni lile lile. Kilichowatofautisha ni karatasi.

Ndugu Mhariri, ugomvi wa mwenye mzigo na msafirishaji si mpya duniani, na wenzetu wamekwisha kuupatia dawa. Jamaa yangu mmoja aliyesomea sheria aliniazima vitabu, nami nikasoma kwamba Uingereza ilitunga Sheria ya Wachukuzi mwaka 1830. Sheria hiyo ilimpunguzia mchukuzi dhamana kwa vitu vya thamani kubwa ambavyo mwenyewe hakuvitangaza. Lakini ilimtaka mchukuzi abandike tangazo la nauli ya ziada ya vitu hivyo ofisini mwake, mahali pa wazi, kwa herufi zinazosomeka, na atoe stakabadhi akidaiwa. Asipofanya hivyo, anapoteza kinga aliyopewa na sheria. Yaani karibu miaka 200 iliyopita watunga sheria walikwisha kuona kwamba ukubwa wa herufi ni suala la haki.

Mwaka 1877 ikaja kesi ya Bwana Parker na shirika la reli la South Eastern. Aliweka begi lake katika chumba cha kutunzia mizigo stesheni, akapewa tikiti iliyoandikwa mbele "Tazama nyuma". Begi likapotea. Thamani yake ilikuwa pauni 24 na shilingi 10, lakini nyuma ya tikiti iliandikwa kwamba shirika halitalipa zaidi ya pauni 10. Mahakama ya Rufani ilisema swali si kama abiria alisoma au hakusoma. Swali ni kama shirika lilifanya vya kutosha kumjulisha kwamba masharti yapo.

Nyingine ni ya mwaka 1956, juu ya mapipa manane ya maji ya machungwa yaliyowekwa ghalani na kukutwa yameharibika. Humo Jaji Denning alisema kwamba yapo masharti makali mno ambayo, ili yamfunge mtu, yangepaswa kuchapishwa kwa wino mwekundu na kuchorewa mkono mwekundu unaoyaonyesha. Maneno hayo watu huyapenda. Lakini mwisho wa kesi hausimuliwi sana: mwenye mapipa alishindwa. Alishindwa kwa sababu alikuwa amezoea kupokea karatasi kama zile kutoka kwa mwenye ghala huyo bila kulalamika. Hapo ndipo nilipoogopa. Wakulima wetu nao hupokea karatasi hizo kila msimu, mwaka baada ya mwaka, wakizikunja na kuzitia mfukoni. Kunyamaza kwao kunaweza kuja kuhesabiwa kuwa kukubali.

Nchi za Ulaya nazo zilikubaliana huko Geneva mwaka 1956 juu ya hati ya mizigo inayovuka mipaka kwa barabara. Hati hiyo ina nakala tatu za asili: ya mpelekaji, ya kwenda na mzigo, na ya msafirishaji. Imetajwa bayana mambo yanayopaswa kuandikwa, na msafirishaji anawajibika kukagua idadi ya vifurushi na hali yake ya nje anapoupokea mzigo. Akiwa na shaka aandike shaka yake hapo hapo. Je, si yale yale aliyoyafanya mwenye kampuni yetu ndogo ya Njombe kwa akili yake mwenyewe? Basi hatuwezi kusema ni mambo ya Ulaya yasiyotufaa.

Nimekwisha kuzungumza na madereva na makarani, na hoja zao nazo nazifahamu. Wanasema kuchapisha vitabu vyenye kaboni ni gharama. Lakini kampuni iliyoweza kulipia picha ya lori kwa rangi haiwezi kukosa fedha za kuchapisha mistari minane kwa wino mweusi. Wanasema pia hawawezi kuandika uzito kwa sababu shambani hakuna mizani. Hapo wamegusa donda. Uzito ukiandikwa, lumbesa itaonekana. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini hati zinapoandika "gunia" bila kilo, hati zenyewe zinakuwa maficho ya unyonyaji huo. Mizani ya barabarani hupima lori zima. Haimwambii mkulima gunia lake lilikuwa na kilo ngapi.

Wapo pia vijana wanaosema karatasi imepitwa na wakati, tupige picha kwa simu. Ni vizuri kwa mwenye simu ya kufanya hivyo. Mama yule mjane ana simu ya kitochi. Na hata mwenye simu kubwa, akipiga picha ya hati iliyoandikwa "viazi", atapata picha ya neno "viazi".

Kwa hiyo natoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, mamlaka inayotoa leseni za magari ya mizigo, yaani LATRA, iandae mfano mmoja wa hati ya mzigo kwa Kiswahili, na kuwa na hati hiyo liwe sharti la leseni. Kampuni ziachiwe kuweka nembo na rangi zitakazo, ila mistari ya lazima iwe ile ile kwa wote: mpelekaji, mpokeaji, namba ya gari, dereva, idadi, uzito, hali ya mzigo, nauli na sahihi.

Pili, masharti yawe kwa Kiswahili, upande wa mbele, kwa herufi ambazo mtoto wa Darasa la Sita anaweza kuzisoma. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Si haki hakimu aongee Kiswahili huku stakabadhi ya viazi inaongea Kiingereza. BAKITA wanaweza kusaidia katika maneno ya kitaalamu.

Tatu, vyama vya ushirika na serikali za vijiji, wakati wa kusubiri hayo, vichapishe vitabu vyao wenyewe. Lori linapoingia kijijini kupakia, dereva aweke sahihi katika kitabu cha kijiji. 

Nne, sisi walimu tulete karatasi hizi darasani. Mtoto anayejua kumsomea mama yake hati ya mzigo kabla lori halijaondoka amefaidi elimu yake hata kabla ya kumaliza Darasa la Saba.

Kwa wakulima wenzangu, maana nami nina ekari moja ya viazi, nasema hivi: usiridhike na uzuri wa karatasi. Kabla ya kuikunja, tazama kama ina idadi ya magunia, namba ya gari na sahihi ya dereva. Kama havipo, mwambie dereva aviandike kwa kalamu mbele yako, na nakala ubaki nayo. Akikataa, mzigo ungali wako na bado uko chini. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi tunaona magunia yakiisha hivyo kila msimu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.