Mgeni Kwao Alikozaliwa
Mtu akiitwa mgeni kwao alikozaliwa, mimi damu hunichemka. Ndivyo walivyofanyiwa watu wa Wales. Kisa chenyewe kinaanzia mbali: Wavolcae walikuwa kabila la Kikelti, na Julius Caesar aliwataja. Majirani zao Wajerumani wa kale walilichukua jina hilo, wakawaita nalo Wakelti wote, kisha Warumi, hatimaye mgeni yeyote. Humo ndimo lilimotoka Wales, na Wallonia ya Ubelgiji. Ndiyo maana pia Wapolandi hadi leo huiita Italia Włochy. Mababu wa Waingereza, wa jamii ya Wajerumani hao, walivuka bahari, wakawakuta wenyeji, halafu wakawabandika wao ugeni! Wenyewe hujiita Cymry, yaani wananchi wenzetu, na nchi yao huiita Cymru. Mwaka 2023 hifadhi ya Brecon Beacons nchini Wales ilirudia jina la Kiwelsh, Bannau Brycheiniog. Wahariri wa michezo, nanyi andikeni Cymru badala ya Wales.