Nani Kasema Kidonda cha Sukari Hakiponi?

Mgeni anayekuja kumjulia hali mgonjwa wa sukari mwenye kidonda mguuni huona hana budi kusema neno. Atakaa, atakitazama kitambaa kilicholowa usaha, atatikisa kichwa, kisha ataitoa: "Ndiyo hivyo tena, mama, kidonda cha sukari hakiponi." Anasema kwa huruma, na pengine amekuja na mfuko wa machungwa na chupa ya juisi (kwa mgonjwa wa sukari!). Akiondoka yeye, anakuja shemeji kuirudia. Nimewahi kuisikia hata kwa mtu aliyevaa koti jeupe, macho yake yakiwa kwenye cheti anachoandika. Na kwa kuwa kila mtu anaisema, hakuna anayeidai ushahidi.

Mimi naidai. Nimeishi na sukari miaka mingi, wayo wangu wa kulia una kovu la kidonda kilichofunga, na nimechoka kuzikwa nikiwa hai na watu wenye nia njema.

Angalieni kauli hii inavyofanya kazi. Mtu anaona lengelenge chini ya kidole gumba cha mguu. Haliumi. Anajua ana sukari, anajua "hakiponi", na safari iliyo mbele yake ameshasimuliwa: ukienda hospitali watakata kidole, watarudi kwenye kifundo, watapanda mpaka pajani, wakupunguze pingili kwa pingili kama mua. Basi anabaki nyumbani. Anapaka jivu, jirani anamletea majani yaliyotwangwa, mwingine anamshauri aloweke mguu kwenye maji ya moto na chumvi, mguu ambao haujui tena moto na baridi. Wiki zinapita. Anapofikishwa hospitali mfupa umeshaingiliwa, homa imepanda, na daktari amebakiwa na uhai tu wa kuokoa. Mguu unakatwa. Mtaa mzima unaitikia: si tulisema! Ucheleweshaji ulikuwa wao, ushahidi wakaupata wao.

Turudi kwenye nyama yenyewe, maana haina laana yoyote. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu vitu viwili miguuni. Cha kwanza ni mishipa ya fahamu, ile iliyokuwa ikituwakia moto usiku kabla haijanyamaza kabisa. Cha pili ni mishipa ya damu, ambayo huziba na kusinyaa. Hisia zikishaondoka, mtu hukanyaga msumari asijue, kokoto hushinda ndani ya kiatu kutwa nzima, sugu hukua chini ya wayo mpaka ikachimba shimo, na mwenyewe anatembea juu yake. Mwenye miguu mizima akipata kidonda unyayoni huchechemea, na huko kuchechemea ndiko kunakompa nafuu, kwa sababu uzito unahama. Sisi hatuchechemei. Tunakwenda nacho sokoni, tunapanda nacho daladala, tunasimama nacho msibani. Kidonda kinachokanyagwa maelfu ya mara kwa siku kitafunga saa ngapi? Hata cha mwanariadha kisingefunga.

Uongo huu una kaka yake mkubwa. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma huoza yenyewe na vidole hudondoka. Daktari mpasuaji mmoja, Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India, alianza kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946, akaanza kufuatilia kila kidole kinakwendaje. Akakuta vinaungua kwenye vyungu, vinakatwa na zana za kazi, na usiku vinatafunwa na panya, kwa kuwa mwenyewe hahisi. Nyama hiyo hiyo ikikingwa, ilipona kama nyama ya mtu mwingine yeyote. Baadaye Brand alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, Marekani, na hogo la plasta walilokuwa wakifungwa wagonjwa wa ukoma ili kidonda kipumzike likawafikia wagonjwa wa sukari, kwa sababu ganzi yao na yetu inaua kwa njia moja.

Wala panya si hadithi ya India tu. Sisi tunamjua kwa kung'ata na kupuliza. Kwenye mguu wa sukari hana haja hata ya kupuliza. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha ripoti ya wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni. Nawaza ni majirani wangapi wa wagonjwa hao waliosema kidonda kimeota chenyewe.

Sasa hesabu. London, katika Hospitali ya King's College, Dkt. Michael Edmonds na wenzake walianzisha kliniki ya miguu peke yake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Matokeo waliyochapisha mwaka 1986 yalionyesha kwamba vidonda vya miguu iliyokufa ganzi vilifunga kwa asilimia 86, na vile vya miguu isiyopata damu ya kutosha, ambavyo ndivyo vigumu zaidi, kwa asilimia 72. Hawakuwa na muujiza. Walikwangua sugu na nyama iliyokufa, waliwahi kupambana na vijidudu, walishughulika na sukari yenyewe, na waliwapa watu viatu visivyobana. Miaka 15 baadaye, Marekani, utafiti wa David Armstrong na wenzake ulilinganisha njia za kuuondolea mguu uzito. Waliofungwa hogo lisilovulika walipona karibu 90 kati ya kila 100 ndani ya wiki 12. Waliopewa buti la kuvua na kuvaa walipona 65 kati ya 100. Tofauti ilitoka wapi? Mwaka 2003 watafiti hao wakaweka vifaa vya kuhesabia hatua kwa siri, wakagundua watu hulivaa buti lile kwa asilimia 28 tu ya mwendo wao wa siku. Hao ni Wamarekani. Damu yao ina sukari kama yetu, na kidonda kilipopumzishwa kilifunga.

Na mkono? Hapa ndipo kauli yetu inapoua haraka zaidi, kwa sababu mkono hakuna anayeufikiria. Ugonjwa wa mkono kwa wenye sukari katika nchi za joto ulielezwa kwanza Nigeria mwaka 1984, na mwaka 2002 ilitoka ripoti iliyokusanya wagonjwa wa Dar es Salaam wa kuanzia 1998. Huanza na kitu cha kudharaulika: mkwaruzo, kuumwa na mdudu, kijipu. Siku chache mbele mkono umevimba, usaha unapanda kwenye kiganja, vidole vinaanza kuwa vyeusi. Wapo waliopoteza vidole, wapo waliopoteza mkono, wapo waliokufa. Tiba yake inajulikana: kupasuliwa mapema usaha utoke, dawa za kupitia mshipani, na insulini. Kwa hiyo mwanamke mwenye sukari aliyejikwaruza kwenye mbuzi akikuna nazi, au mchuuzi wa feri aliyechomwa na mwiba wa changu, akiona kidole kinavimba aende siku hiyo hiyo. Asisubiri kiive.

Nitajibiwa kwamba fulani alitibiwa, tena hospitali kubwa, na hakupona. Sikatai. Wapo ambao damu haifiki kabisa mguuni, na hao wanahitaji mishipa izibuliwe, huduma ambayo kwetu ipo mahali pachache na ni ghali. Wapo ambao figo na moyo vimeshachoka. Lakini liko jambo jingine ambalo mtaa haulihesabu vizuri. Kati ya watu 100 waliopona kidonda cha mguu, takriban 40 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa ganzi iko pale pale na kiatu ni kile kile. Mtu akipona Rajabu akapata kingine Muharram, majirani wanaona kidonda kimoja kisichopona. Mwenyewe alipona, na alihitaji kiatu kingine.

Ama kukatwa, nako kumesingiziwa. Kidole kilichokufa kikiondolewa mapema mara nyingi huokoa mguu uliobaki. Wengi wanaofariki baada ya kukatwa paja walifika na sumu imeshaenea kwenye damu, juu ya moyo na figo zilizokwisha kuharibika. Msumeno ndio wa mwisho kufika, lakini lawama zote huangukia juu yake.

Kauli isiyo ya kweli haidumu hivi bila kuwafaa watu. Inamfaa muuza chupa, yule anayetangaza kwa kipaza sauti kwamba dawa moja inamaliza sukari, presha na upungufu wa nguvu za kiume. Kama hospitali haiponyi, wateja wataenda wapi? Inaifaa pia kliniki. Ukifika unapimwa uzito, presha, tone la damu kidoleni, unaandikiwa vidonge vya mwezi, unatoka. Viatu hujavua. Umepimwa sukari kwa miaka na hakuna aliyeona vidole vyako vya mguu. Na haitoshi kusingizia umaskini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilikuwa pamoja na India katika mradi wa Step by Step: daktari na muuguzi wanakuja wawili wawili kutoka vituoni, wanafundishwa kutunza miguu, wanapewa vifaa, wanarudi kufundisha wengine. Vifaa vyenyewe ni vya mkono. Nchi iliyoweza hilo haina haki ya kuniambia kwamba kuinama kuuangalia mguu wangu ni anasa.

Lakini inayofaidika zaidi ni familia, na hili nalisema nikijua litachoma. Kidonda cha wayo kinataka mtu asikanyage kwa wiki nyingi. Kwa mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri, hiyo maana yake ni mtu mwingine kubeba ndoo, mwingine kusimama jikoni, mwingine kutafuta ada ya shule, na nauli ya kwenda kusafishwa kidonda kila baada ya siku mbili au tatu. Tukikubali kwamba kinaweza kupona, inabidi tujigawie kazi hizo. Tukisema hakiponi, tunatoa pole, tunaacha machungwa, na mama anarudi kwenye jiko lake kwa miguu yake miwili.

Nawashangaa hasa watu wa pwani. Mtu anatawadha mara tano kwa siku, anauosha mguu mpaka kwenye kifundo, na anakaa na kidonda wiki mbili asikione. Maji yapo, mkono upo, mguu uko mbele ya macho. Geuza wayo, kama huwezi mwite mjukuu autazame, na kausha katikati ya vidole kabla ya kuingiza kiatu.

Mjukuu huyo huyo anaweza kufanya kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kisichogharimu shilingi. Fumba macho. Akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, wepesi wepesi, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha za kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, mguu huu na ule. Asibonyeze wala asigonge. Wewe sema kila unapohisi. Ukikosa viwili au zaidi kati ya vile sita, miguu yako imeshapoteza hisia, kidonda kiwepo kisiwepo. Siku ya kliniki vua viatu kabla hujaulizwa, iweke miguu mahali ambapo daktari hawezi kukwepa kuiona, na usiondoke mpaka itazamwe.