Kombe la Dunia ya wasichana: karatasi kwanza, viatu kisha

Huku kwetu, toka Kolwezi mpaka Kipushi, kila baba anajua majina ya Léopards wanaume, hata wale wa zamani sana. Lakini muulize neno moja: Congo ilisha kwenda mara ngapi Kombe la Dunia ya wasichana wa chini ya miaka 20? Wengi watanyamaza. Jibu ni mara mbili. Mwaka 2006 kule Urusi, na mwaka 2008 kule Chile. Kisha pale mulango ukafungika. Hata mwaka 2024 kule Colombia, wakati timu ziliongezwa kufika 24 na Afrika ikapata nafasi ine, sisi hatukuwa. Walienda Nigeria, Ghana, Kameruni na Moroko.

Tusiseme ni juu hatuna wachezaji. Mwezi wa kumi na moja 2024, wanawake wa TP Mazembe, timu ya hapa Lubumbashi, walibeba Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Walipiga AS FAR ya Moroko goli 1-0, tena kule kule Moroko. Mwaka 2025 timu ya taifa ya wanawake nayo ikarudi katika Kombe la Afrika, kisha kukosa toka 2012. Kwa hiyo nguvu iko. Kile hakiko ni njia ya kuchukua mutoto wa miaka 12 kwenye lupango na kumufikisha kule.

Wengine watasema: sisi ni maskini, mambo hayo ni ya Wazungu. Basi tuangalie jirani. Ukivuka Kasumbalesa, unaingia Zambia, na shaba yao ni ndugu ya shaba yetu. Mwaka 2014 Zambia ilituma wasichana wake Costa Rica, katika Kombe la Dunia ya chini ya miaka 17. Kati yao kulikuwa Barbra Banda, mutoto asiyefikisha hata miaka 15. Hawakuleta kombe. Lakini mutoto yule alikomaa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo alifunga magoli matatu katika mechi moja, na katika mechi iliyofuata akafunga tena matatu. Mwaka 2023 Zambia ikaenda Kombe la Dunia ya wanawake wakubwa kwa mara ya kwanza. Mwenzake Racheal Kundananji alipita katika timu ya Indeni Roses, kule Ndola, muji wa shaba kama miji yetu. Mwaka 2024 timu ya Bay FC ya California ilimununua kwa feza ambayo mbele yake hakuna mwanamuke aliyenunuliwa nayo katika mupira.

Na Korea ya Kaskazini je? Haiko inchi ya matajiri. Lakini mwaka 2024 wasichana wake walibeba Kombe mbili, ya chini ya miaka 20 na ya chini ya miaka 17, na mwaka 2025 wakarudilia ile ya chini ya miaka 17. Wanaanza na watoto, na hawaachi.

Sasa tuseme maneno yenye kutuuma sisi wenyewe. Mashindano ya watoto yanahesabia miaka. Mutoto asiye na karatasi ya kuzaliwa hana miaka. Iko kama hakuzaliwa. Hapati paspoti, hapandi ndege. Na familia za kazi ya mugodi tunajuana: leo baba anachimba Kolwezi, kesho anasikia kuko shimo mupya Fungurume, anahamisha muke na watoto. Mutoto anazaliwa njiani, na kwenye biro ya komini hakuna aliyepita. Sheria ya familia inatupatia siku 90 za kuandikisha mutoto, tena bure. Siku 90 zikipita, ni kwenda mbele ya tribinali, na hapo safari inakuwa ndefu na feza inatoka.

Kuko pia wale wanaopunguzia watoto miaka kusudi wacheze na wadogo. Huo ni wizi. Musichana wa miaka 19 anayeitwa wa 16 anakalia kiti cha mutoto wa mutu mwingine, na siku ukweli unatoka, inchi nzima inapata haya.

Wababa wengi wanakataa wakisema: "Musichana akifuata mupira atapotea." Woga huo una sababu. Kuko watu wazima wanaokaribia watoto na nia mbaya, na mazoezi yenye kuisha giza si ya kuaminia. Lakini dawa ya woga si kufungia mutoto nyumbani. Dawa ni kudai: pawe mama mumoja pamoja na watoto kila siku, mazoezi yaishe mbele ya jua kushuka, na mutoto asiyeenda masomo asicheze. Timu inayokataa hayo, utoe mutoto wako. Inayokubali, umuache acheze. Tena tusisahau: binti huyo huyo tunayemukatalia mupira juu ya hatari, kuko familia zinazomutuma kuosha mawe kwenye maji machafu. Hatari kubwa iko wapi?

Neno la mwisho ni la feza. Toka 2018, sheria ya mugodi inalazimisha kompanyi kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji wa pale inapochimba. Wakati wa mikutano tunaomba maji, masomo, barabara, hospitali. Ni vizuri, na maji yabaki ya kwanza. Lakini kiwanja cha mupira kilichosawazishwa, chenye choo na ukuta, kinaweza kujengwa pamoja na masomo, na saa za wasichana ziandikwe kwenye karatasi kusudi wavulana wasikikamate siku zote. Sijasikia wengi wakiomba hilo. Kile haukuomba, hakuna atakayekukumbusha.

Mpaka mwaka 2029, Kombe ya wasichana wa chini ya miaka 17 inachezwa kila mwaka, kule Moroko. Msichana aliyezaliwa mwaka 2012 angali na haki ya kucheza ile ya 2029. Mama, baba, kama uko na binti wa umri huo na anapiga mupira vizuri, fungua sanduku leo uangalie kama karatasi yake iko. Kama haiko, kesho asubuhi anza na biro ya komini. Viatu tutatafuta kisha.