BUSTANI YETU: Tungule Zisizokuwa Nyekundu



Tumepokea maswali kadhaa juu ya tungule za rangi ngeni ambazo jamaa zetu wanaziona katika maduka ya mbegu hapa Uingereza: nyeusi, za manjano, za michirizi ya kijani, hata nyeupe. Wako wanaouliza jinsi ya kuzipanda, na wako wanaouliza kama zinalika. Mzee wetu mmoja aliletewa na mjukuu wake kikapu cha tungule nyeusi, akaamini kwamba zimeoza, akazitia katika pipa la taka kabla ya kijana hajavua viatu. Kwa ajili hiyo tumeona ukurasa wa mwezi huu uwe wa tungule hizo. (Tunasema tungule kwa mazoea ya pwani na visiwani, wasomaji wetu wa bara wasome nyanya, na bibi zao watuwie radhi.)

Kwanza yafaa ijulikane kwamba wekundu si sharti la tungule. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, ukalimwa sana na wenyeji wa Mexico, na ulipofika Ulaya katika karne ya 16 tungule za manjano zilikuwamo. Mtaliana Mattioli aliziandika katika kitabu chake cha mwaka 1544, na Wataliana wakaziita pomodoro, yaani tufaha la dhahabu. Jamaa zetu waliokaa na watu wa Sham wamesikia tungule ikiitwa banadura. Neno hilo limetokana na hilo la Kitaliana. Basi anayesema kwamba tungule ya manjano ni uzushi wa siku hizi, amezungukwa na ushahidi hata katika jina analolitumia jirani yake.

Wekundu tuliouzoea unatokana na rangi iitwayo laikopini, ambayo hujaa katika nyama ya tunda linapoiva, wakati ule ule ukijani wake, yaani klorofili, ukitoweka. Katika tungule za rangi ya machungwa karotini ndiyo iliyozidi. Katika zile za manjano laikopini haikuundwa. Zile ziitwazo nyeusi, ambazo kwa hakika ni za rangi ya zambarau iliyochanganyika na udongo, zina laikopini kama nyekundu, lakini ukijani wake hauondoki zikiiva; wekundu na ukijani vikichanganyika hutoa weusi ule, kama mtoto anavyoona akichanganya rangi zake za maji. Ngozi nayo ina kazi yake. Tungule nyekundu ina ngozi ya manjano. Ngozi ikiwa haina rangi, tunda lile lile huonekana la waridi.

Na kwa nini dukani tunaona nyekundu tupu? Biashara hupenda matunda yanayofanana na kuiva kwa pamoja. Kwa miaka mingi wakulima wakubwa walichagua tungule ambazo kabla ya kuiva ni za kijani hafifu kote, zisizokuwa na ukijani mzito mabegani karibu na kikonyo. Mwaka 2012 wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, walieleza katika jarida la Science kwamba uchaguzi ule uliambatana na kupotea kwa kazi ya jini moja inayosaidia tunda kujitengenezea sukari. Wazee wetu wanaolalamika kila siku kwamba tungule za supamaketi ni maji matupu hawakuwa wakisema ovyo.

Tuje katika aina zenyewe. Kwa anayeanza, tunapendekeza Sungold, tungule ndogo ya rangi ya chungwa iliyotolewa na kampuni ya Kijapani katika miaka ya mwanzo ya 1990. Ni tamu mno, huwahi kuiva, na watoto huimaliza mtini kabla haijafika jikoni. Kwa manjano ya ukubwa wa kawaida iko Golden Sunrise, ambayo Waingereza wameilima kwa miaka mingi. Green Zebra ilitolewa na Mmarekani Tom Wagner mwaka 1983. Ina michirizi ya kijani kibichi na kijani hafifu, na ukali wake unafaa sana kwa kachumbari. Katika nyeusi ziko Black Krim, yenye jina la rasi ya Krimu, na Cherokee Purple, ambayo mbegu zake zilitumwa kwa posta mwaka 1990 kutoka jimbo la Tennessee kwa mkulima wa bustani Craig LeHoullier, naye ndiye aliyeipa jina hilo. Hizi mbili ni kubwa, ngozi yake ni laini na hupasuka upesi, wala hazizai kwa wingi. Lakini ladha yake ni nzito, na anayeionja pamoja na chumvi kidogo haelekei kuisahau. Tungule nyeupe tunaziacha kwa wapenda mapambo. Kwa ulimi wetu sisi, zimepooza.

Kilimo chake hapa Uingereza hakitofautiani na cha nyekundu. Mbegu huatikwa ndani ya nyumba mwezi wa Machi, kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, mahali penye joto la nyuzi 18 hadi 21 za selsiasi, na huchipua baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Miche isitoke nje mpaka hatari ya barafu ya usiku imekwisha, na katika miji mingi hapa hilo huwa ni mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Haraka ya Aprili, jua linapotudanganya siku mbili, huua miche mingi kila mwaka. Ardhini iachane kwa sentimita 45 hadi 60. Wanaokaa katika fleti watumie ndoo au chungu cha upana wa sentimita 30, chenye matundu chini, mbele ya dirisha au katika roshani inayoelekea kusini. Mti usimamishwe kwa kijiti, na machipukizi yanayoota kwapani mwa majani yavunjwe kwa vidole yangali madogo. Kichala cha kwanza kikishika matunda, anza kutia mbolea ya maji yenye potashi kila wiki moja au mbili.

Juu ya mbolea tuna neno. Ile ya unga inayouzwa sana hapa hutengenezwa kwa damu, samaki na mifupa, na familia nyingi hazipendi kuigusa wala kuiweka karibu na mboga za watoto. Hakuna ulazima wa kuinunua. Samadi ya kuku iliyooza vizuri inatosha kwa udongo, na mbolea ya maji iliyotokana na mwani hupatikana madukani. Waliokulia Paje na Jambiani hawatashangaa kwamba mwani una kazi zaidi ya kuuzwa kwa magunia.

Maadui wakubwa ni wawili. Kumwagilia leo nyingi na kuacha siku nne huoza tungule kitakoni, kwa sababu tunda hukosa madini ya chokaa ambayo hubebwa na maji. Wa pili ni bakajani chelewa, ukungu ule ule ulioangamiza viazi vya Ireland katika miaka ya 1840. Huja na mvua za joto za Julai na Agosti, na mti mzima huweza kuwa mweusi katika siku chache. Tungule kubwa nyeusi, kwa kuwa huchelewa kuiva, ndizo zinazokutwa na balaa hili zikingali mbichi. Kwa hiyo mwenye nyumba ya vioo azipande ndani, na asiyekuwa nayo azipande ukutani chini ya upenu. Sungold aghalabu huwa imekwisha kuliwa nusu kabla ya ukungu kubisha hodi.

Wasomaji wetu wa Maskati na Ghuba wageuze kalenda yote. Huko mbegu huatikwa Septemba na Oktoba, na mavuno ni ya kipupwe, kwa sababu joto likipita nyuzi 35 maua hupukutika bila ya kushika tunda.

Swali linalowasumbua wengi ni kujua lini tungule imeiva ikiwa haigeuki nyekundu. Hapa jicho halitoshi, hapana budi mkono usaidie. Tungule iliyoiva hulegea kidogo ukiibonyeza, na huachana na kikonyo bila ya kushindana. Green Zebra, uwanja ulio baina ya michirizi hugeuka manjano ya kaharabu. Nyeusi huanza weusi kitakoni na kupanda juu, na mabega yake huweza kubaki kijani hata zikiwa zimeiva, usingoje. Iko nyingine iitwayo Indigo Rose, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon mwaka 2012, ambayo ni ya zambarau iliyokoza tangu ingali changa. Hiyo huiva pale kitako chake kinapoacha ukijani na kuwa chekundu, na ngozi ikapoteza mng'aro. Rangi yake hutokea palipopigwa na jua tu. Ukibandua ile nyota ya kijani iliyo juu ya tunda utakuta alama yake imebaki chini. Waonyesheni watoto jambo hili.

Mama mmoja ametuuliza kama Indigo Rose ina kitu cha mnyama ndani yake, kwa kuwa amesikia habari za tungule za maabara. Jawabu ni kwamba haina. Rangi yake ilipatikana kwa kuzalisha tungule za kawaida na jamaa zake wa porini wa Amerika ya Kusini, kazi ya mikono na miaka. Iliyotengenezwa maabara ni nyingine: ni ya zambarau mpaka ndani ya nyama, ilitangazwa mwaka 2008 na Profesa Cathie Martin na wenzake wa kituo cha John Innes mjini Norwich, na Marekani iliruhusu kulimwa kwake mwaka 2022, mbegu zikaanza kuuzwa huko kwa wakulima wa nyumbani mwaka 2024. Jini zilizotiwa humo zimetoka katika ua la bustani, si mnyama. Anayetaka hukumu ya sharia juu ya kubadilisha jini awaulize masheikh; sisi ni watu wa jembe.

Jikoni, mchuzi wa tungule nyeusi huwa wa rangi ya udongo, na mgeni asiyejua atadhani umeungua. Zitumieni mbichi. Za manjano zinapendeza katika mchuzi wa samaki wa nazi, hata manjano yenyewe ikapunguzwa. Kachumbari ya rangi tatu, pamoja na kitunguu na ndimu, haihitaji sifa zetu.

Sasa tufike katika jambo lililotufanya tuandike ukurasa huu kwa urefu. Tunajua kwamba wanaosafiri kwenda nyumbani hutia pakiti za mbegu, na wengine hata tungule zenyewe, katika masanduku yao, ili jamaa wa Unguja, Tanga au Mombasa nao waone ajabu hii. Nia ni njema. Lakini mwaka 2014 nondo wa Amerika ya Kusini aliingia Tanzania, baada ya kufika Hispania mwaka 2006 na kuvuka Afrika ya Kaskazini. Buu lake hutoboa jani na tunda, na wakulima walimpa jina la kanitangaze, kwa vile alivyowatangaza kwa hasara. Aliyelima kwa mkopo alikosa tungule na akabaki na deni. Tunda moja katika sanduku linaweza kubeba balaa la namna hiyo.

Mbegu nazo si salama kwa kuwa ni kavu. Viko virusi vilivyoonekana kwanza Mashariki ya Kati mwaka 2014 na 2015, vikafika Uingereza mwaka 2019, ambavyo husafiri kwa mbegu, kwa mikono na kwa visu vya kupogolea. Havimdhuru mlaji, lakini huharibu zao, na dalili yake mojawapo ni tunda kutoka mabaka ya manjano au kahawia. Hapo ndipo hatari ilipo kwetu tunaopenda rangi ngeni: mtu huona tungule yake nyekundu imetoka madoa ya manjano, akadhani amejaliwa aina mpya, akahifadhi mbegu na kumgawia ndugu. Rangi ya asili ya aina fulani hufuata mpango, kila tunda kama mwenzake. Mabaka yasiyo na mpango, pamoja na majani yaliyokunjamana, ni ugonjwa. Mti huo ung'olewe, utiwe katika mfuko na kutupwa, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Tanzania na Uingereza, kama nchi nyingi, hutaka mbegu za tungule zinazovuka mpaka ziwe na cheti cha afya ya mimea. Kwa pakiti moja usumbufu huo hauna faida. Afadhali kumpa jamaa fedha akanunue mbegu zilizokaguliwa huko huko.

Baina yetu wenyewe hapa mjini hakuna kizuizi cha kupeana, ikiwa mti ulikuwa mzima. Chagueni tunda lililoiva sana, kamueni mbegu pamoja na maji yake katika gilasi, ziacheni siku mbili au tatu mpaka utando uoze, zioshwe na kukaushwa juu ya sahani, si juu ya karatasi, kwani zitaganda. Aina zote tulizozitaja hurudi kama mama yake isipokuwa Sungold, ambayo ni chotara. Mbegu zake hutoa watoto wa kila sura. Katika bahasha andikeni jina la aina, mwaka, na rangi ya tunda lililoiva, ili atakayepokea asingoje wekundu mpaka Oktoba.