Moshi Hauna Ukuta

Siku hizi kijana wa mjini akipata bustani, hata iwe ya kuazima kwa mjomba, jambo la kwanza ni kutangaza "babekyu ya sama". Sama ipi hiyo, jamani? Sisi wa Dar es Salaam tuna kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Juni hadi Agosti, wenzetu wa Chicago wanapofurahia jua baada ya miezi ya theluji, hapa ni kipupwe, usiku unatafuta shuka. Anayealika watu kwenye "sama" mwezi wa Julai ameazima hata hali ya hewa!

Sina ugomvi na nyama. Ubavu wa mbuzi naupenda kuliko wengi. Wala sisemi kuchoma bustanini ni dhambi ya Kizungu. Neno lenyewe lilitoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi. Kwao barbacoa ilikuwa uchanja wa miti wa kukaushia na kuchomea. Na lile jiko la duara lenye kifuniko, ambalo mabwana wa Masaki wanalionyesha kama gari jipya, ni la mwaka 1952. George Stephen, aliyefanya kazi katika karakana ya Weber Brothers huko Chicago, alikata boya la chuma akatengeneza jiko, maana upepo ulikuwa ukimharibia nyama nyumbani kwake. Mtu aliutazama upepo wa kwake, akaunda cha kwake. Huyo namheshimu. Nagombana na wanaoiga jiko bila kuiga akili.

Maana ua tunao siku zote. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na nyuma kuna uani: jiko, ndoo za maji, kinu, kamba ya nguo. Moto umewaka pale miaka nenda rudi. Nani alikuwa akiupepea? Mama, shangazi, dada, mpangaji wa chumba cha tatu. Hakuna aliyewapigia makofi. Leo moto uleule umehamishiwa mbele, kwenye majani yaliyokatwa vizuri, mwanamume kafunga aproni, kashika koleo, anageuza mishikaki sita, watu wanasema, "Jamaa noma, anapika!" Huko nyuma dada zake wanakata kachumbari tangu asubuhi, wamemenya ndizi, wamesonga ugali, na usiku wataosha masinia. Sherehe ya nani hiyo?

Ukitaka kualika, alika kiutu. Hesabu watu, kisha ongeza robo, kwa sababu mwalikwa wa kwetu haji peke yake. Mbuzi mwenye mifupa, piga nusu kilo kwa kichwa. Chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, basi. Nyama ikiwa ngumu ipake papai bichi lililopondwa, lakini kwa muda mfupi, ukizidisha inakuwa uji. Washa mkaa mapema, ungoje uvae majivu. Mwenye haraka atakula masizi nje, damu ndani. Sinia iliyobeba nyama mbichi isipakuliwe iliyoiva. Na mkaa wenyewe uuheshimu: ni miti ya watu wa Pwani na Morogoro, usiteketeze nusu gunia kwa kuku wawili. Koleo lizunguke, wanaume wakate vitunguu, kina dada wakae.

Halafu kuna jirani. Unaweza kujenga ukuta na kupanga vipande vya chupa juu yake, ukaweka na geti, lakini moshi hauna ukuta. Mlinzi anaunusa toka saa kumi jioni mpaka saa sita usiku. Watoto wa nyumba ya pili wanaunusa. Wazee walitufunza kwamba ukipika mchuzi uongeze maji, jirani naye apate. Nyama ya kuchoma haina pa kuongezea maji, kwa hiyo ni lazima uongeze nyama.

Utaniambia, "Bwana, maisha magumu, siwezi kulisha mtaa." Kweli kabisa, na sikuambii ulishe mtaa. Nasema sahani moja ivuke ukuta, na ya mlinzi itoke kabla ya ya mgeni rasmi. Kama hiyo nayo ni ghali, basi tatizo si bei ya mbuzi.

Na sisi waandishi chipukizi tuna deni hapa. Hadithi ngapi nimesoma ambamo kijana akipata hela, ukurasa unaofuata ni bustani, bia baridi, muziki na msichana mwenye miwani ya jua! Mwandishi amesimama kwenye majani, uani hajafika. Nani alimfuata mbuzi mnadani Pugu? Nani alimchuna? Nani anakohoa? Hadithi iko huko, na lugha iko huko: kubanika, kupepea, kuchochea, kupuliza. Tunayaacha maneno hayo yaote kutu, tunaandika "babekyu", halafu tunalalamika kwamba Kiswahili hakitoshi!

Mwaliko ukikufikia Jumamosi, nenda ukale. Ila kabla hujavuta kiti cha plastiki, pita uani kwanza. Waambie pole na kazi, chukua kisu, anza na vitunguu. Machozi yakikutoka, nyumbani utakuwa na la kuandika.