Diski mbili sio nakala ya akiba

Wauzaji wenzangu, tuambiane ukweli. Nilinunua diski mbili za TB 1, nikaziunganisha kwa RAID 1 kwenye kompyuta yangu ya Linux. Programu yenyewe, mdadm, ni ya bure. Kila unachohifadhi kinaingia diski zote mbili. Moja ikifa, kazi inaendelea. Nafasi unayopata ni TB 1 tu, sio 2.

Nikajiona nimemaliza. Usiku mmoja, usingizi umenishika, nikafuta folda yenye picha za bidhaa na orodha ya madeni. Ikafutika kotekote, papo hapo. Waliochukua mzigo kwa mkopo nimebaki kuwakumbuka kwa kichwa tu.

Kwa maoni yangu, RAID inakukinga diski ikifa. Haikukingi na mkono wako wala na mwizi. Iweke, ndio, lakini kila wiki toa nakala kwenye diski ya nje, ichomoe, ukaiweke nyumba nyingine. Pia fungua /proc/mdstat: [UU] maana yake zote nzima; U moja ikigeuka kistari, tafuta diski mpya leo leo.

Orodha yako ya madeni iko wapi saa hizi?